Kasoro zimepungua, alama zimepanda: ni kazi ya mradi au ni bahati?

Mwaka 1955 watu 324 walikufa kwa ajali za barabarani katika jimbo la Connecticut, Marekani. Gavana Abraham Ribicoff akaamua kuwabana madereva wa mwendo kasi: aliyetiwa hatiani alisimamishiwa leseni. Mwaka 1956 vifo vikashuka hadi 284, upungufu wa zaidi ya asilimia 12, na serikali ya jimbo ikaona kampeni imezaa matunda. Ukitazama namba hizo mbili peke yake, huna la kubisha.

Mwaka 1968 watafiti Donald Campbell na H. Laurence Ross waliandika upya habari hiyo kwa kufanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye karatasi na rula anaweza kulifanya. Waliweka vifo vya miaka kadhaa, ya kabla na ya baada, kwenye chati moja. Ikaonekana kwamba vifo vilikuwa vikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka hata kabla ya kampeni, na kwamba 1955 uliruka juu kuliko miaka iliyoutangulia. Kampeni yenyewe ilizaliwa na mruko huo. Namba iliyoruka juu mno mwaka huu kwa kawaida hushuka mwaka unaofuata, uwe umefanya kitu au hukufanya. Halafu wakailinganisha Connecticut na majimbo manne jirani: Massachusetts, Rhode Island, New York na New Jersey. Mafanikio hayakufutika yote, lakini yalisinyaa, na uhakika ukatoweka. Walichokiona zaidi ni jinsi mfumo ulivyojibu adhabu: madereva wengi zaidi walikamatwa wakiendesha ilhali leseni zao zimesimamishwa, na mahakama zikawaachia huru washtakiwa wengi zaidi kuliko zamani.

Nimeanza na kisa hiki cha zamani kwa sababu kosa lake ndilo linalojaa kwenye ripoti za miradi hadi leo. Kiwanda kinaandika kwamba kasoro zimeshuka kwa asilimia 30. Mradi wa maji unaandika kwamba kuhara kumepungua. Shule inaandika kwamba wastani wa darasa umepanda kutoka 48 hadi 54. Kila ripoti ina namba ya kabla na namba ya baada, na katikati yake kuna neno "kutokana na". Neno hilo halijalipiwa. Msimamo wangu ni huu: ubora wa tathmini huamuliwa kabla mradi haujaanza, na yasiyopangwa wakati huo hayafidiwi na mtaalamu wa takwimu atakayeitwa mwishoni.

Kiwandani: chora kwanza, shangilia baadaye

Viwanda vina bahati moja ambayo shule na vijiji havina. Namba zake huja kila siku, kila zamu, kila shehena. Kwa hiyo kiwandani huhitaji kundi la kulinganisha mara zote. Unaweza kuilinganisha laini ya uzalishaji na yenyewe, mradi uwe na pointi za kutosha za kabla. Namna hii ya kufikiri ilianzishwa na Walter Shewhart mwaka 1924, akiwa mhandisi wa Western Electric, kampuni ya Marekani ya kutengeneza vifaa vya simu, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado haijapata mbadala ulio rahisi na wa kuaminika zaidi.

Tuchukue mfano. Laini moja inarekodi asilimia ya bidhaa zenye kasoro kila wiki, na kwa wiki 12 namba zake ni hizi: 4.2, 5.1, 3.8, 4.9, 4.4, 5.6, 3.9, 4.7, 5.0, 4.1, 4.6, 4.9. Hakuna kilichobadilishwa katika wiki hizo. Lakini tazama wiki ya 6 na ya 7: kutoka 5.6 hadi 3.9, upungufu wa asilimia 30. Kama semina ya usafi wa mashine ingefanyika mwishoni mwa wiki ya 6, watu wangepigiana makofi. Na ujue semina za aina hiyo huitishwa hasa baada ya wiki mbaya, kwa hiyo karibu kila semina itaonekana imefaulu.

Ili kujua mabadiliko ya kawaida ya laini hii ni makubwa kiasi gani, fanya hesabu tatu. Tafuta wastani wa wiki zote 12. Hapa ni 4.6. Tafuta tofauti kati ya kila wiki na wiki iliyotangulia bila kujali kama imepanda au imeshuka. Utapata tofauti 11, ambazo wastani wake ni kama 0.86. Zidisha wastani huo kwa 2.66, namba ya kudumu ya chati za aina hii, upate 2.3. Jumlisha na utoe kwenye 4.6: mpaka wa juu ni 6.9, wa chini ni 2.3. Wiki yoyote inayoangukia kati ya mipaka hiyo, ikiwa peke yake, haikuambii kitu kipya. Meneja anayemwita msimamizi wa zamu ajieleze kwa nini wiki hii ni 5.6 anamtesa mtu kwa jambo lisilo na maelezo. Mbaya zaidi, msimamizi atabuni maelezo, mashine itarekebishwa kwa kufuata maelezo hayo, na mtetemo wa namba utaongezeka.

Sasa tuseme wiki ya 13 linabadilishwa jambo moja, kwa mfano mafundi wanaanza kukagua joto la kalibu ya kumiminia bidhaa kabla ya kila zamu. Wiki nane zinazofuata zinaleta 3.9, 4.1, 3.6, 4.0, 3.7, 4.2, 3.5, 3.9. Hakuna hata moja iliyovuka mpaka wa chini. Lakini zote nane ziko chini ya wastani wa zamani. Kama mambo yangekuwa vilevile na kila wiki ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa juu au chini, wiki nane mfululizo upande wa chini zingetokea mara 1 katika 256. Hapo ndipo nakubali kwamba kitu kimebadilika. Wastani mpya ni karibu 3.9, yaani upungufu wa kama asilimia 16 ya kasoro za awali. Haupendezi kama ule wa asilimia 30, lakini huu upo kweli na unaweza kuujengea bajeti.

Wiki 12 ni za kuanzia tu. Ukiweza kupata 20 za kabla, mipaka yako itatulia zaidi. Usihesabu upya mipaka kila wiki, maana utakuwa unaisogeza ifuate namba na hutaona chochote kamwe. Ihesabu kwenye kipindi cha kabla, iache ilivyo, kisha uihesabu upya pale tu mabadiliko yalipothibitika na sababu yake inajulikana.

Yanayoharibu chati hii nayataja kwa uzoefu wa jinsi yanavyojirudia. La kwanza ni kubadilisha maana ya kasoro katikati ya safari. Mradi wa ubora huja na fomu mpya, fomu ina vipengele vilivyo wazi zaidi, mkaguzi anaona kasoro ambazo zamani alizipita, na namba inapanda mwezi ule ule ambao kazi imekuwa nzuri zaidi. Wakati mwingine hutokea kinyume chake. Dawa yake ni kuendesha fomu ya zamani na mpya sambamba kwa wiki nne hivi, na kuwapa wakaguzi wawili vipande vilevile 50 bila mmoja kuona majibu ya mwenzake. Wakitofautiana kwenye vipande 10, basi kipimo chenyewe kinayumba kuliko upungufu unaotaka kuutangaza.

La pili ni kubadilisha mambo matatu kwa pamoja: mafunzo, mtoa malighafi mpya na mashine mpya. Matokeo yakiwa mazuri hutajua uhamishie kipi kwenye laini nyingine. Yakiwa mabaya huenda kimoja kimesaidia na kingine kimeharibu. Inapowezekana, viachanishe kwa wiki kadhaa.

La tatu ni kasoro kuhamia mahali pengine. Laini inaripoti kasoro chache kwa sababu bidhaa zinasukumwa mbele na kurudi kama malalamiko ya wateja miezi mitatu baadaye. Ndiyo maana kando ya kiashiria kikuu weka viwili vya kukilinda: saa za kurudia kazi, na bidhaa zilizorudishwa na wateja kwa tarehe ya kutengenezwa badala ya tarehe ya kurudi. Kwenye usalama kazini tahadhari hii ni ya lazima. Zawadi kwa idara isiyo na majeruhi hupunguza taarifa za majeruhi haraka kuliko inavyopunguza majeruhi wenyewe. Ukiona majeraha madogo yamepotea kwenye daftari lakini mifupa iliyovunjika iko palepale, unachokipima ni ukimya wa wafanyakazi.

Na kuhusu fedha zilizookolewa, kuwa mkali. Mradi ukipunguza dakika 20 kwa kila mfanyakazi kwa siku, hiyo bado si fedha. Inakuwa fedha ikiwa saa za ziada zimepungua kwenye malipo, au bidhaa za ziada zimetengenezwa na zimeuzwa. Ukijumlisha "akiba" za miradi yote ya mwaka na jumla ikazidi gharama zote za idara, kuna mtu anahesabu dakika zilezile mara mbili. Mhasibu ndiye asaini takwimu ya akiba. Kiongozi wa mradi asiruhusiwe kuisaini mwenyewe.

Kwenye jamii: pima kitu chenyewe

Miradi ya jamii ina ugonjwa wa kuhesabu shughuli. Mafunzo mangapi, washiriki wangapi, vipeperushi vingapi, visima vingapi. Hizo ni risiti za matumizi na zina mahali pake, lakini kisima kilichochimbwa na maji yanayotoka ni vitu viwili tofauti. Nenda bila taarifa, siku ya kawaida, saa ambazo watu huchota. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba na uhesabu sekunde: ikijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika. Uliza ni siku ngapi katika wiki mbili zilizopita bomba halikutoa maji. Wiki mbili watu huzikumbuka, miezi sita hubuniwa. Kisha omba kitabu cha michango cha kamati ya maji, utazame mwezi wa mwisho ulioandikwa. Vitu hivyo vitatu vinachukua chini ya saa moja na vinakuambia zaidi ya dodoso la kurasa 14.

Mahojiano yana mipaka yake. Muulize mtu kama ananawa mikono kwa sabuni, naye atakujibu unalotaka kusikia, hasa ukiwa umevaa fulana ya mradi. Omba akuonyeshe mahali pa kunawia, uandike kama kuna maji na sabuni wakati huo. Kwa sababu hiyohiyo, wadodosaji wasiwe watumishi wa mradi, na wasijue ni kijiji kipi kilipata huduma na kipi hakikupata, pale inapowezekana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Indonesia. Mchumi Benjamin Olken alitaka kujua kama ukaguzi unapunguza wizi katika ujenzi wa barabara za vijiji, kwenye vijiji zaidi ya 600. Angeweza kusoma vitabu vya hesabu, lakini mwizi mwenye akili huandika vitabu vizuri. Angeweza kuwauliza wanakijiji, lakini wengi wao hawawezi kuona kokoto zilizopungua chini ya ardhi. Kwa hiyo baada ya ujenzi wahandisi walichimba vipande vya barabara, wakapima mawe na mchanga uliomo kweli, wakakagua bei za vifaa na kuuliza ujira uliolipwa. Kisha wakatoa gharama hiyo kwenye kiasi kilichoandikwa. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, vingine vikaambiwa mapema kwamba vitakaguliwa kwa hakika, ilhali uwezekano wa kawaida ulikuwa asilimia 4. Fedha zilizopotea zilipungua kwa pointi 8 za asilimia hivi. Kuwaalika wananchi wengi zaidi kwenye mikutano ya uwajibikaji, njia ambayo kila andiko la mradi hulisifia, kulikuwa na athari ndogo kwa ujumla. Bila kuchimba barabara, matokeo hayo yangebaki maoni.

Tatizo kubwa la jamii ni kwamba hakuna kijiji kinachokaa tuli kikikusubiri. Mvua huja au hukosekana, shirika jingine huingia, barabara hufunguliwa, bei ya mazao hupanda. Kwa hiyo kabla na baada ya kijiji kimoja hakisemi kitu, hata ukipima vizuri namna gani. Unahitaji vijiji ambavyo mradi haujafika, na hapa watu huanza kupinga: itakuwaje tuwanyime wengine kwa ajili ya utafiti?

Karibu kila mradi hauwezi kuanza kote kwa siku moja. Kama una vijiji 24 na uwezo wa vijiji 8 kwa mwaka, vijiji 16 vitasubiri, upende usipende. Swali ni nani anaamua nani atangulie. Akiamua diwani, watatangulia walio karibu naye. Akiamua mratibu, watatangulia walio karibu na lami. Pigeni kura ya bahati nasibu hadharani, mbele ya wawakilishi wa vijiji vyote, kwa vikaratasi kwenye kapu. Ni haki zaidi, malalamiko hupungua, na wanaosubiri huwa kundi la kulinganisha bila mtu kunyimwa kitu ambacho angekipata kwa njia nyingine. Pima vijiji vyote 24 siku za mwanzo, kabla ya kura, maana baada ya kura aliyekosa hukosa pia hamu ya kujibu maswali. Mexico ilifanya hivi kwa kiwango kikubwa ilipoanza mpango wa Progresa wa kuwapa akina mama fedha kwa sharti la watoto kusoma na kupelekwa kliniki: jamii 320 zilianza na 186 zikasubiri. Matokeo yakawa wazi kiasi kwamba mpango ulidumu hata serikali ilipobadilika, jambo ambalo miradi ya jamii hulipata kwa nadra.

Kura isipowezekana, lipo la pili kwa ubora. Linganisha mabadiliko badala ya kulinganisha hali. Tuseme sehemu zenye mradi zimetoka 41 hadi 49, na sehemu zinazofanana nazo zimetoka 43 hadi 48. Ripoti dhaifu itasema mradi umeleta pointi 8. Sehemu nyingine zilipata 5 bila mradi, kwa hiyo kinachobaki ni 3. Hesabu hii ina sharti moja zito: kabla ya mradi, pande zote mbili ziwe zilikuwa zikienda kwa mwendo mmoja. Onyesha angalau vipindi vitatu vya kabla. Kama upande mmoja ulikuwa tayari unapanda kwa kasi, hizo 3 si zako.

Watu kuridhika hakutoshi, hata kidogo. Huko Massachusetts, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, vijana 506 waligawanywa kwa kura katika mradi wa Cambridge-Somerville. Nusu yao walipewa washauri, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo kwa miaka kadhaa. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Walio wengi kati ya waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zikasema kwamba katika mambo kadhaa, ikiwemo kurudia uhalifu na kufa mapema, walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao wasioguswa. Kama kusingekuwa na kundi la pili, barua za shukrani zingetosha kuthibitisha kinyume cha ukweli. Nalitaja hili kila mara ninapoona tathmini inayoishia kwenye "asilimia 92 ya walengwa wameridhika".

Shuleni: wanafunzi 400 wanaweza kuwa 45

Shule zina mitego mingi kuliko viwanda na vijiji kwa pamoja, kwa sababu kila mtu anadhani tayari zina kipimo, yaani mtihani.

Anza na nani alikaa kwenye chumba cha mtihani. Darasa la wanafunzi 50 lina wastani wa 48. Kumi wa mwisho, wenye wastani wa 24, wanaacha shule au wanashauriwa wasijisajili. Waliobaki 40 watakuwa na wastani wa 54, na hakuna hata mmoja aliyejifunza herufi mpya. Kwa hiyo usikubali wastani bila idadi. Orodhesha wanafunzi walioandikishwa siku ya kwanza, kisha uwafuatilie hao hao mpaka mwisho, waliohama na walioacha wakihesabiwa kwenye majedwali yako. Kama upungufu wa wanafunzi ni mkubwa kwenye shule za mradi kuliko nyingine, matokeo yana shaka kabla hata hujafungua bahasha ya alama.

Pili, mtihani wa mwaka huu si mtihani wa mwaka jana. Tumia jaribio moja kwa shule zenye mradi na zisizo nao, lisimamiwe wiki moja, lisahihishwe na watu wasioijua shule ya mwanafunzi. Alama zinapobeba malipo au vyeo, zikague zaidi. Katika kashfa ya udanganyifu ya shule za jiji la Atlanta, Marekani, dalili mojawapo ilikuwa kwenye karatasi zenyewe: majibu mengi mno yaliyofutwa yakageuzwa kutoka kosa kuwa sahihi. Campbell yuleyule wa kisa cha Connecticut alishaonya miaka ya 1970 kwamba kiashiria kinachotumiwa kutoa maamuzi makubwa huvutia upotoshaji, na hupotosha hata kazi kilichowekwa kuipima.

Tatu ni hesabu ambayo wengi huiruka. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: mwalimu mmoja, mazingira yaleyale, mwalimu mkuu yuleyule. Kumpima wa arobaini katika shule hakukupi habari mpya kama kumpima wa kwanza. Ili kujua unapoteza kiasi gani, chukua idadi ya wanafunzi unaowapima kwa shule, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kilicho kati ya 0 na 1, kisha ongeza 1. Wanafunzi 40 kwa shule na kufanana kwa 0.2 vinakupa 8.8. Kwa hiyo wanafunzi 400 katika shule 10 wana uzito wa kama wanafunzi 45 waliochaguliwa mmojammoja. Ukiwa na fedha za kupima wanafunzi 400, ni afadhali 10 katika shule 40. Na ukilinganisha shule moja yenye mradi na moja isiyo nao, una kitu kimoja kila upande, hata kama kila shule ina wanafunzi 1,000. Mwalimu mmoja mzuri akihamishwa, hitimisho lako limehama naye.

Nne, jihadhari na shule zilizochaguliwa kwa sababu zilifanya vibaya. Ni Connecticut tena. Ukichukua shule 20 za mwisho mwaka huu, mwaka ujao nyingi zitapanda kidogo bila msaada, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa mwishoni kwa bahati mbaya ya mwaka mmoja. Chagua kwa wastani wa miaka mitatu, au uzigawe shule 20 hizo hizo kwa kura, kumi zianze na kumi zisubiri.

Ushahidi wa wazi kuliko wote juu ya thamani ya kura ninaoufahamu unatoka magharibi mwa Kenya, kwenye uchunguzi wa chati kubwa za kufundishia, zile zinazosimamishwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Watafiti walipolinganisha shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizo nazo, chati zilionekana kupandisha alama kwa kiasi cha kuridhisha. Hata walipozingatia vifaa vingine vya shule, faida ile haikupungua. Mtu mwangalifu angeandika ripoti na kuagiza chati. Lakini palikuwa na uchunguzi mwingine wa shule 178, nusu zikipewa chati kwa bahati nasibu, na huo haukuonyesha faida yoyote. Shule zilizokuwa na chati tangu awali huenda zilikuwa na kitu kingine kisichoandikwa kwenye fomu: wazazi wanaosukuma, au mwalimu mkuu anayejua kutafuta wafadhili. Kitu hicho ndicho kilichopandisha alama, chati zikapewa sifa.

Hata matokeo thabiti husafiri kwa shida. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza mwaka 1985 kuwagawa watoto kwa kura kwenye madarasa ya watoto 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25, katika shule 79, na watoto wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi. Mwaka 1996 California, jimbo jingine la Marekani, ikapunguza ukubwa wa madarasa jimbo zima kwa haraka. Ikahitaji walimu wengi kwa mara moja, wengi walioajiriwa hawakuwa wamekamilisha sifa, na kwa kuwa shule karibu zote zilianza pamoja, haikubaki shule za kulinganisha. Kabla ya kunakili mradi wa mwingine, orodhesha vitu vilivyokuwepo kwake bila kutajwa: walimu, vyumba, muda.

Kabla ya kusema umeshindwa

Matokeo yakiwa sifuri, usikimbilie kuhukumu wazo. Gawanya safari yake vipande na upime kila kipande. Mafunzo ya walimu ya kusoma kwa sauti yana angalau vinne: mwalimu alihudhuria, mwalimu anatumia njia hiyo darasani, watoto wanapata muda wa kusoma, watoto wanasoma vizuri zaidi. Tembelea madarasa 30 bila taarifa. Ukikuta njia mpya kwenye madarasa 6 tu, hukupima njia hiyo kabisa. Umepima semina, na semina ndiyo iliyoshindwa. Ukiikuta kwenye 27 na watoto bado hawasomi, basi wazo lenyewe lina kasoro, na kuongeza fedha hakutalitengeneza.

Vipande hivi, pamoja na kiashiria kikuu na maana yake, mpimaji, kifaa, siku za kupima, kundi la kulinganisha na kiwango cha chini cha mabadiliko kitakachotufanya tuendelee, viandikwe kwenye karatasi moja yenye tarehe na sahihi kabla ya fedha ya kwanza kutoka. Kile kiwango cha chini ndicho watu hukikwepa, na ndicho muhimu kuliko vyote. Kisipoandikwa, pointi 1 itaitwa mafanikio, na kati ya viashiria 20 vitaripotiwa vile viwili vilivyopanda. Ukipima vitu 20 ambavyo mradi haukuvigusa, kwa kipimo cha kawaida cha nafasi 1 kati ya 20, utegemee kimoja kionekane kimebadilika kwa bahati tu.

Tenga fedha za kurudi. Mwezi wa kwanza wa jambo jipya kila mtu ana bidii, na wakaguzi wapo. Rudi miezi 6 na 12 baada ya mratibu kuondoka, kwa fomu ileile, bila taarifa. Kiwandani tazama kama karatasi ya ukaguzi wa joto imejazwa kwa saa tofautitofauti au imejazwa yote kwa kalamu moja mwisho wa zamu. Kijijini fungua kitabu cha michango. Shuleni kaa nyuma ya darasa la mwalimu aliyehamia baada ya mafunzo, uone kama kuna aliyemfundisha njia ile.